Marehemu, jazi na chemko

Ingia kibanda chochote cha kuingiza nyimbo pale Kanoni, Karagwe, mkabidhi kijana flashi yako na umwambie unamtaka Mbaraka Mwinshehe. Hatauliza ni nani huyo. Atafungua kompyuta yake, atashuka mpaka kwenye folda iliyoandikwa ZILIPENDWA kwa herufi kubwa, na humo utamkuta Mbaraka amechanganywa na Marijani Rajabu, Mlimani Park, Les Wanyika, Franco, na pengine kwaya moja ya Kilutheri iliyoponyoka kutoka folda ya jirani. Majina ya nyimbo yameandikwa kama alivyojisikia aliyeyaandika: “mbaraka shida”, “mwishehe 3”, “marehemu mbaraka mix”. Bendi haikutajwa, na mwaka haukutajwa. Utalipa, utaondoka, na nyimbo zitalia kwenye bodaboda, kwenye saluni na harusini, kutoka Karagwe mpaka Kyerwa, kama vile ametoka studio juzi.

Mimi ni mtu wa maneno kuliko mtu wa muziki, na kila ninapoiona ile folda mawazo yangu huwa kwenye majina. Tumempa mtu huyu na wenzake istilahi nyingi: zilipendwa, jazi, okestra, dansi, mtindo, ujumbe, marehemu. Baadhi zinatusaidia kumsikia. Nyingine zinatuziba masikio.

Zilipendwa nalimaliza haraka. Limejengwa vizuri: li ya wakati uliopita, pend, na w ya kutendwa. Kwa sarufi hiyo mapenzi yamekwisha, na tunasimuliwa habari za nyimbo ambazo watu fulani, zamani fulani, walizipenda. Lakini kijana wa kibanda amezaliwa baada ya mwaka 2000, na siku za gulio anaziuza kuliko nyimbo za rika lake. Neno hili ni la rafu za redio. Humsaidia mtangazaji kujua anyooshe mkono wapi. Nalisamehe kwa sababu lugha imekwisha kulizoea, na mtu akisema “hebu weka zilipendwa”, hakuna anayeisikia tena ile li.

Neno ninalolipigania ni jazi. Mgeni aliyesoma historia ya muziki wa Marekani akitajiwa Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, NUTA Jazz, Urafiki Jazz, Vijana Jazz na Polisi Jazz, atadhani nchi hii ilijaa wapuliza saksofoni waliokulia New Orleans. Akisikiliza anakuta rumba, cha-cha-cha, twisti, na midundo ya ngoma za Waluguru na Wazaramo imejipenyeza humo. Basi anatuonea huruma: masikini, walikosea jina.

Hatukukosea. Dar es Salaam Jazz ilianza miaka ya 1930, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Siku hizo neno hilo lilikuwa linazunguka dunia likimaanisha muziki wa kisasa wa kuchezea ukumbini. Tulilipokea na maana hiyo, tukaishi nayo. Wamarekani wakaendelea kulichonga, wakalibana, mpaka jazi yao ikawa muziki wa kukaa kitini na kutikisa kichwa. Ya kwetu ikawa kundi la watu wenye magitaa, tarumbeta, tumba na sare, na nyuma yao mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ndiyo maana jina hilo liliweza kuolewa na chama cha wafanyakazi ikapatikana NUTA Jazz, na kiwanda cha nguo ikapatikana Urafiki Jazz, na umoja wa vijana wa TANU ikapatikana Vijana Jazz. Hata polisi walikuwa na jazi yao, na hakuna aliyeshangaa. Katika Kiswahili cha Tanzania jazi ni taasisi kwanza, muziki baadaye. Kwa hiyo anayemwita Mbaraka Mwinshehe mwimbaji wa jazi amesema kweli kwa Kiswahili, hata kama kwa lugha nyingine angesahihishwa.

(Kuna jazi nyingine, kitenzi kilichotoka Uarabuni, cha kulipa wema: Mungu atakujazi kheri. Maneno haya mawili hayana undugu wowote, lakini nimeshindwa kuyatenganisha kichwani.)

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa Juni 1944, mwaka ule ule ilipozaliwa Morogoro Jazz. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, akawa mpiga solo na mwimbaji kwa pamoja. Mwaka 1970 bendi ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonesho ya Expo 70, na safari hiyo ikazaa wimbo wenye jina hilo hilo. Wapenzi walimwita Soloist National. Mwaka 1973 akajitenga na kuunda bendi yake, lakini hakuiita jazi. Aliiita Orchestra Super Volcano.

Hapo unaona upepo unavyogeuka. Miaka ya 1970 heshima ilikuwa inatokea Zaire, na kule kila bendi ilikuwa okestra. Ulaya okestra ni watu themanini na mzee mmoja mwenye kijiti. Kinshasa na Dar es Salaam ni magitaa matatu au manne, besi, ngoma, wapuliza tarumbeta kadhaa na waimbaji walioshona suti za rangi moja. Maquis wakawa okestra, Mlimani Park wakawa okestra, Safari Sound vivyo hivyo. Wala muziki haukuwa umebadilika kiasi hicho. Lililobadilika ni mji tunaoutazama tunapochagua jina la kujivunia.

Lakini chini ya majina hayo ya kuazima palikuwa na neno la nyumbani ambalo nalihesabu kuwa istilahi bora kuliko zote za dansi yetu: mtindo. Kila bendi ilikuwa na wake, na mtindo ulikuwa na jina lake kama mtoto. NUTA walikuwa na Msondo, Western Jazz na Saboso, Mlimani Park na Sikinde, Mbaraka na Volcano yake wakawa na Masika. Tazama yanakotoka: msondo na sikinde ni majina ya ngoma za watu wa huku kwetu, masika ni mvua. Jina la bendi lilielekea ukumbini, jina la mtindo lilielekea kijijini. Na lililodumu ni lipi? NUTA Jazz ilipobadilishiwa chama ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na herufi zote hizo zilipokwisha kazi, bendi ikajiita kwa mtindo wake: Msondo Ngoma. Shaaban Dede, mzaliwa wa mkoa wetu wa Kagera, alifariki Julai 2017 akiwa mwimbaji wa bendi hiyo, na magazeti yalimwandika mwanamuziki wa Msondo. Neno jazi lilikuwa limeng'oka lenyewe, bila kikao.

Katika maneno ya kuazima, soul ndilo lililoshindwa kabisa kuota. Lilitufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 pamoja na santuri za James Brown na za Otis Redding, ambaye alikuwa amekwisha kufa kwa ajali ya ndege Desemba 1967, na wimbo wake uliovuma kuliko yote ukatoka baada ya mazishi. Vijana wa Dar es Salaam waliupenda sana muziki huo. Mwaka 1969, mwaka wa Operesheni Vijana iliyowaandama wenye sketi fupi na suruali za kubana, jiji likaupiga marufuku. Nadhani hata bila marufuku neno lisingefika mbali. Liandike Kiswahili unapata soli, nayo ni ya kiatu. Litafsiri unapata roho, na bendi ya roho ingefuatwa na wagonjwa wanaotafuta maombezi. Zaidi ya hayo, kitu chenyewe tulikuwa nacho. Mwimbaji akigusa penyewe, tunasema anaimba kwa hisia, basi, na kila mtu ameelewa.

Hisia za Mbaraka ni za mtu mtulivu. Sauti yake ni ya kati, haina madoido, haipandi juu kutafuta makofi. Mara nyingi anamaliza mstari mapema, anaacha nafasi, na nafasi hiyo inajazwa na gitaa la solo, yaani na yeye mwenyewe. Anajiuliza kwa mdomo na kujijibu kwa vidole. Sikiliza “Shida” ukiwa umeacha maneno kando, utaona nusu ya mazungumzo haina neno hata moja.

Na hapa ndipo ninapogombana na neno ujumbe. Ukiuliza kwa nini nyimbo hizi hazifi, jibu liko tayari mdomoni mwa kila mtu, kuanzia mwalimu mstaafu hadi mbunge: nyimbo za zamani zilikuwa na ujumbe. Sikatai. Morogoro Jazz waliimba kifo cha Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa Desemba 1971, na wimbo ule ulikuwa kama taarifa ya habari. Waliimba mapenzi, umaskini, masimango ya ndugu. Ila kama ujumbe ndio unaoufanya wimbo udumu, hotuba za miaka hiyo nazo zingekuwa zinaingizwa kwenye flashi siku ya gulio.

Karagwe ina ushahidi wake. Miaka ya 1970, redio ya vijiji vyetu ilikuwa ile ndogo iliyoitwa redio ya mkulima, iliyokula betri kama haina mwenyewe. Betri zikichoka hazikutupwa. Zilianikwa juani, juu ya jamvi lile lile la kahawa ya maganda, na aliyegeuza kahawa aligeuza na betri. Jioni zilikuwa zimerudisha nguvu kidogo, za taarifa ya habari na nyimbo mbili tatu. Waliokusanyika kwenye redio hiyo wengi wao walizungumza Kinyambo tangu asubuhi hadi usiku. Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni na cha kwa karani wa ushirika. Misemo ya Morogoro iliwapita. Namjua bibi mmoja wa Kanoni ambaye mpaka leo wimbo wa Mbaraka ukipigwa, huku anachambua maharage kwenye ungo, huimba naye, lakini haimbi maneno. Anaimba gitaa. Midomo imefungwa, sauti inatoka puani, na hakosei hata kona moja. Ukimuuliza wimbo unasema nini, anacheka na kukuambia umuulize mjukuu.

Huyo ujumbe wake ni upi?

Nina dhana yangu. Kabla ya redio kulikuwa na enanga, ile ala ya ubao uliochongwa kama kihori chembamba, uzi mmoja ukapitishwa juu yake ukienda na kurudi mara saba au nane. Wasafiri Speke na Grant walipofika kwa mfalme Rumanyika, Bweranyange, mwaka 1861, waliisikia na kuiandika. Mpiga enanga huwa peke yake. Anasimulia mstari, anaachia nyuzi ziseme, anarudi kwenye mstari. Sikio lililolelewa na enanga halikuhitaji kufundishwa kumsikiliza Mbaraka. Lilikuwa linangoja nafasi baada ya mstari, na Mbaraka alikuwa anaiacha.

Ushahidi wa pili unakwenda njia ya kinyume, kutoka Kagera kwenda nchi nzima. Mwaka 2001 Saida Karoli, mwana wa Kagera, alitoa “Maria Salome”, wimbo ambao wengi wanauita “Chambua kama Karanga”, akiimba sehemu kubwa kwa Kihaya. Nchi nzima iliucheza. Mtwara waliucheza, Tanga waliucheza, Dar es Salaam waliucheza, na katika kila watu mia sijui kama watatu walijua anasema nini. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny walipoutumia kutengeneza wimbo wao “Salome”, kizazi kingine kikaingia, nacho bila kamusi. Kama Watanzania wote waliweza kuupenda wimbo wa Kihaya bila ujumbe, na Wanyambo waliweza kumpenda Mbaraka na nusu ya ujumbe, basi neno tunalosifia nalo silo linalotushika.

Wanamuziki wenyewe wana maneno yaliyo karibu zaidi na jambo. Hawasemi ujumbe. Wanasema solo, ridhimu, besi. Solo ndilo linaloongea, ridhimu linashona, besi linabeba. Na wana neno moja ambalo ningependa kila mpenzi wa lugha alijue: chemko. Wimbo wa dansi huanza taratibu, mwimbaji anatoa kisa chake, wenzake wanaitikia. Kisha kisa kinakwisha, au kinaachwa njiani, na magitaa yanachukua nyumba. Mwendo unakaza, watu waliokuwa wamekaa wanasogeza viti. Hilo ndilo chemko. Wakongo wana sebene yao, na vijana wengi siku hizi wanatumia neno hilo, lakini chemko lina moto wa hapa hapa: maji yalikuwa jikoni tangu ubeti wa kwanza.

Kwenye flashi unaweza kulisikia chemko likizaliwa kwa namna ya ajabu kidogo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri miaka hiyo, hivyo zilichapwa Nairobi, na santuri ndogo ya mizunguko 45 hubeba dakika chache tu kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza kisa, upande wa pili chemko. Miaka ikapita, mtu akaziunganisha pande hizo kwenye kompyuta, na leo ukisikiliza faili kutoka kibandani utasikia wimbo unafifia katikati, kimya cha sekunde moja au mbili, halafu unarudi kutoka mbali ukiwa umekwisha chemka. Vijana wanadhani ni ufundi. Ni mtu aliyekuwa akigeuza santuri.

Kurekodi nako kulikuwa tofauti. Kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi iliingia chumba kimoja na kupiga kwa pamoja, mkanda ukizunguka, na akikosea mmoja mnaanza upya wote. Ndiyo maana unasikia chumba. Unamsikia mpiga tumba yuko nyuma, mpuliza tarumbeta kasogea hatua mbele, mwitikiaji mmoja kachelewa kidogo. Kasoro hizo za kiufundi ndizo zinazomfanya msikilizaji wa Kanoni aone watu badala ya mashine. Siku hizi kila sauti inaimbwa peke yake kwenye kijichumba, kisha zinapangwa. Zinapangika vizuri mno.

Sasa marehemu. Watangazaji hawamtaji Mbaraka bila neno hilo mbele. Ni nadra kusikia “marehemu Shaaban Robert”, ingawa naye alifariki zamani, mwaka 1962. Nadhani ni kwa sababu kitabu hakimhadai mtu. Unajua mwandishi hayumo chumbani. Sauti inahadaa. Inakuja na pumzi, na koo linalosafishwa kabla ya ubeti, na mtangazaji anaona vyema atukumbushe kwamba huyu anayesema nasi alirehemiwa. Tunalo pia neno hayati, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni uhai, lakini hilo tumewatengea viongozi wa nchi. Ningeulizwa, ningelitoa kwa waimbaji. Kiongozi hubaki kwenye picha ukutani. Mwimbaji ndiye mwenye uhai unaoweza kuwashwa saa yoyote.

Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na miaka 34. Kagera wakati huo ilikuwa vitani. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia mwishoni mwa Oktoba 1978, na kabla Januari haijaisha majeshi yetu yalikuwa yameichukua Mutukula. Redio za mkulima zilifunguliwa kwa habari za mapigano kwanza, na msiba wa mpiga gitaa ulipita katikati ya misiba mingine. Miaka ya 1980 zikatoka Nairobi santuri kubwa mfululizo zenye nyimbo zake, kwa jina la Ukumbusho. Aliyechagua jina hilo alijua lugha. Kumbukumbu ni kile kilichobaki kichwani. Ukumbusho ni kitu kinachokujia kutoka nje, ukitaka usitake, kikakukumbusha.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watangazaji wa redio za Karagwe, na kwa vijana wa vibanda vya kuingiza nyimbo. Mkipiga “Shida”, tajeni kwamba ni Orchestra Super Volcano. Mkipiga “Expo 70”, semeni ni Morogoro Jazz, na lisemeni hilo neno jazi bila aibu. Mkimjua mpiga ridhimu, mtajeni. Na wewe kijana wa Kanoni, badilisha jina la faili: futa “mwishehe 3”, andika Mbaraka Mwinshehe, jina la wimbo, jina la bendi. Ni kazi ya dakika moja, na kwaya ya Kilutheri uirudishe kwenye folda yake.